Gesi ya friji haiishi

Wiki tatu kabla ya Ramadhani shangazi yangu wa Wete, Pemba, alinipigia simu kuniambia kwamba friji lake limemaliza gesi tena. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi minne. Mara zote tatu fundi alikuja na mtungi, akaunga mpira, akatia gesi, akalipwa, akaondoka. Friji likapoza siku nane au tisa, kisha chini kukaanza kuwa vuguvugu, maziwa yakakatika, na huko juu kwenye friza mifuko ya barafu ikawa inachukua siku mbili kuganda, wakati zamani usiku mmoja ulitosha.

Friji ndilo duka la shangazi. Wavuvi humgongea alfajiri kununua barafu, watoto wa skuli hupita mchana kwa malai na aiskrimu za ubuyu, na Ramadhani mtaa mzima humtegemea kwa maji ya baridi na juisi ya ukwaju. Siku mbili za barafu isiyoganda ni siku mbili za kutouza.

"Mwanangu, gesi ya siku hizi haina baraka," akaniambia. "Inaisha kama ile ya kupikia."

Nasomesha sayansi skuli ya sekondari, na sentensi ile sikuweza kuiacha ipite. Wala si yeye peke yake. Nimeisikia Jang'ombe, nimeisikia Mwanakwerekwe, nimeisikia kwa watu waliosoma kunishinda. Kwa hiyo naandika hapa nilichomweleza shangazi, na tulichokikuta tulipolifungua friji lake.

Gesi ya jiko inaungua, ndiyo maana inaisha. Gesi ya friji haiungui. Imefungiwa ndani ya bomba lisilo na mwanzo wala mwisho, inazunguka humo humo: inakuwa maji, inakuwa mvuke, inarudi kuwa maji. Friji hutoka nayo kiwandani na linapaswa kuzeeka nayo. Ikipungua, basi bomba lina tundu mahali, na kuongeza gesi bila kulitafuta tundu hilo ni kujaza maji kwenye pakacha. Na kama bomba halina tundu, basi gesi haikupungua, na ubovu uko kwengine.

Kuna jambo la pili ambalo ukilishika mengine yote yanakuwa mepesi. Friji halitengenezi baridi. Linachukua joto lililomo ndani na kulitoa nje. Koili ya ndani inanyonya joto la samaki wako na maji yako, kompresa inaisukuma ile gesi, na koili ya nje, wavu mweusi wa nyuma au mabomba yaliyofichwa ndani ya mbavu za friji, inalimwaga joto lile jikoni. Ndiyo maana mbavu za mafriji mengi mapya ukizigusa zina moto, na watu wanaingiwa na hofu bure. Moto ule ndio joto la chakula chako linatoka. Cha kutia hofu ni mashine kunguruma kutwa na mbavu au wavu kuwa baridi tu. Hapo tena ndipo pa kushuku gesi iliyovuja au kompresa iliyochoka.

Basi friji lisipopoza, mimi huuliza: joto limekwama wapi?

Nilipanda boti kutoka Unguja hadi Mkoani, nikaunga magari hadi Wete, nikafika baada ya adhuhuri. Kaskazi ilikuwa imetua, hakuna hata jani lililotikisika. Friji la shangazi limesimama pembeni mwa ukumbi, upande mmoja ukuta, upande mwengine kabati la vyombo, nyuma limegusa ukuta kabisa. Juu alikuwa amelitandika kitambaa cha kufuma kilichoshuka mbavu zote mbili, na juu ya kitambaa sinia, makopo na redio. Nyuma ya wavu kulikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta ya kukaangia mpaka likawa kama blanketi. Nilimwomba radhi kwanza, kwa sababu kitambaa kile alikifuma marehemu bibi, kisha nikakiondoa.

Joto linataka njia. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya friji, pembeni acha walau upana wa vidole vitatu, na juu pawe wazi. Lisikae ubavuni mwa jiko wala penye jua la dirishani. Chomoa plagi, lisogeze, ufagie wavu wa nyuma kwa brashi laini mara mbili kwa mwaka. Sisi tunaokaa karibu na pwani tufanye zaidi, kwa sababu unyevu wa chumvi unalifanya vumbi ligande na chuma kioze. Jambiani nimeona wavu uliolika kwa kutu mpaka bomba likatoboka, na hiyo ni gesi iliyovuja kweli.

Nikatafuta ile karatasi yenye herufi, ambayo mara nyingi imebandikwa ndani ubavuni, karibu na droo ya mboga. Friji la shangazi ni mtumba wa Ulaya, na kwenye karatasi palikuwa na herufi N. Herufi hizo zinasema friji limeundwa kwa hewa ya joto gani. SN ni nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Ukumbi ule, mlango wazi na dirisha wazi, ulikuwa na nyuzi 33. Yaani friji lile tangu asubuhi lilikuwa linafanyishwa kazi ambayo halikuundwa kuifanya. Ukienda kununua friji la mtumba, kabla ya kuulizia bei fungua mlango usome herufi hiyo. Mimi nikiona N au SN nauliza kama lipo jengine.

Mpaka hapa ningeweza kusema nimeshapata jibu, na ningekosea. Vumbi na kitambaa vilikuwa vinalichosha friji, lakini havielezi zile siku tisa. Kwa nini lilikuwa linapona kila baada ya fundi kuja, kisha linaugua tena kwa muda ule ule?

Nikamuuliza shangazi fundi alikuwa akifanya nini hasa, hatua kwa hatua. Akaniambia: anakuja jioni, anasema lizimwe na litolewe vitu, analiacha milango wazi usiku kucha, asubuhi anarudi na mtungi.

Jibu lilikuwa hapo. Lililokuwa likiliponya lilikuwa ule usiku wa milango wazi, wala si mtungi.

Friji lake ni la aina isiyoota barafu ukutani. Koili ya baridi imefichwa nyuma ya kibati cha plastiki ndani ya friza, na feni inapuliza hewa juu yake na kuigawa, kiasi inabaki friza, kiasi inashuka chini kwa njia ndogo. Barafu inaota pia, ila inaota huko mafichoni, na mara kadhaa kwa siku hita ndogo inawaka kwa dakika chache kuiyeyusha. Maji yanateremka kwenye kitundu, yanaishia kwenye kisahani juu ya kompresa, yanakauka kwa moto wake. Hita ikifa, barafu haiyeyuki. Inajaa siku baada ya siku mpaka inaziba koili nzima na feni inakosa hewa ya kupuliza. Friza inabaki na ubaridi wa kubahatisha, chini kunakuwa joto. Ukilizima usiku kucha barafu yote inayeyuka, na friji linaanza upya kama halikuwa na ugonjwa, mpaka ijae tena. Kwa shangazi ilikuwa ikijaa kwa siku nane au tisa.

Basi hiki ni kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya mwenyewe bila kutoa hata senti. Toa vitu, chomoa, tandika mataulo, acha milango wazi saa 24. Liwashe tena. Likipoza vizuri siku kadhaa kisha likarudia yale yale, mwambie fundi aanze na hita, sensa yake na taima. Likiwa halipozi hata siku ya kwanza baada ya hapo, ni jambo jengine.

Tulikifungua kile kibati. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe, mnene kama tofali, huoni hata bomba moja. Shangazi alisimama kimya, kisha akasema, "Barafu yote hii ilikuwa humu na mimi sina ya kuuza." Ilipoyeyuka niliipima hita kwa mita ya kupimia umeme: imekatika, haipitishi umeme kabisa. Tuliipata nyengine Chake Chake kwenye friji bovu lililovunjwa, ya urefu ule ule na wati zile zile.

Lakini zile gesi tatu zilizotiwa mahali pasipo tundu hazikupita bure. Bomba la shaba linalorudi kwenye kompresa lilikuwa limeganda barafu hadi chini, dalili kwamba gesi imezidi. Na kwenye kompresa palikuwa na pembetatu ya njano yenye alama ya moto na maandishi R600a. Hiyo ni isobyuteni, inawaka kama gesi ya jiko. Friji la nyumbani la aina hiyo linabeba gramu chache, mara nyingi chini ya 100, na hupimwa kwa mizani, gramu kwa gramu, kama sonara anavyopima dhahabu. Haikadiriwi kwa kusikiliza wala kwa kugusa bomba. Huwezi kutia R134a, ambayo ni gesi ya aina nyengine, kwenye mashine ya R600a ukategemea ifanye kazi sawa, na huwezi kuchomea bomba lenye R600a bila kuitoa gesi yote kwanza na kufungua madirisha. Tulimpata fundi wa Chake mwenye mizani na pampu ya kunyonya hewa. Aliitoa yote, akabadilisha draya, ile filta ndogo ya shaba ambayo lazima ibadilishwe kila mfumo unapofunguliwa, akaunyonya hewa na unyevu, akapima kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya friji. Kazi ya nusu siku. Sasa fundi akija kwako kutia gesi, muulize mambo matatu: tundu liko wapi, mizani iko wapi, draya mpya iko wapi. Anayejua kazi yake hatakasirika.

Kwa mafriji yale ya mlango mmoja, ambayo barafu inaota wazi kwenye kisanduku cha juu, adui ni kisu. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia watu wanasafisha nyumba, wanafungua friji, wanaona barafu nene, wanachukua kisu cha jikoni. Koili ya mle ni alumini nyembamba. Unasikia "ssss" na harufu kidogo, basi, tundu umelitoboa mwenyewe, na kuliziba kwenye alumini ni kazi ngumu isiyodumu sana. Nakuombeni sana, zimeni, wekeni bakuli la maji ya moto ndani, fungeni mlango, subirini. Nusu saa tu, barafu inabanduka kwa mkono.

Mpira wa mlango nao watu wanaudharau. Zima taa usiku, washa tochi ya simu, iweke ndani ya friji ikielekea mlangoni, funga. Mwanga ukipenya popote, hapo ndipo hewa ya nje inapoingia, na hewa yetu imejaa maji, kwa hiyo inaingia na barafu yake. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hasa kwenye mikunjo ambako sukari ya juisi hugandia. Ukiwa umepinda, ukande kwa kitambaa cha maji ya moto, uunyooshe, ufunge mlango usiku kucha. Ukichanika, badilisha.

Namba za kwenye kirungu cha kurekebishia baridi si nyuzi joto. Namba kubwa ni baridi zaidi. Watu hulipeleka kwenye 7 kiangazi kizima wakidhani wanalisaidia, na mashine haipumziki hata kidogo. Weka katikati, kisha pima. Kipimajoto cha homa hakifai, kwa sababu kinaanzia nyuzi 35. Tafuta cha jikoni, kitie kwenye gilasi ya maji iliyolala rafu ya katikati usiku mzima. Asubuhi kisome nyuzi 4 au pungufu kidogo. Friza iwe 18 chini ya sifuri.

Maji yakituama chini ya droo za mboga, kitundu cha nyuma kimeziba: mrija laini, maji ya vuguvugu, kwisha.

Umeme nao una kisa chake. Pemba ilipata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya Wesha. Unguja nayo haijasahau ile miezi mitatu, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wake ulipoharibika na mafriji yakageuka makabati. Siku hizi shida zaidi ni umeme mdogo wa jioni. Kwa shangazi, saa mbili usiku, mita yangu ilisoma volti 178 mahali panapotakiwa 230. Kompresa ikitaka kuanza kwa volti hizo utasikia "tik", kisha mngurumo wa kujikaza, kisha "tik" tena, na baada ya dakika kadhaa inajaribu upya. Hiyo ni kinga ya kompresa, ovalodi, inakata umeme isiungue. Sauti hiyo ukiisikia na taa za nyumba zimefifia, chomoa friji, subiri umeme ukae sawa. Ukiisikia na umeme uko mzuri, yawezekana relei, kile kifaa kidogo ubavuni mwa kompresa kinachoisaidia kuanza, imekufa. Ikishachomolewa na kutolewa, itikise sikioni, ikigongagonga ndani kama kokwa kavu basi imevunjika, na ni kifaa cha bei ndogo. Wengi wamelipia kompresa nzima kwa ugonjwa wa relei.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, hesabu dakika tano kabla ya kuchomeka, ili mgandamizo ndani ya mabomba usawazike na mashine isianze huku imebanwa. Friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya plagi na soketi, inafanya hivyo yenyewe, na kama unaweza kununua kitu kimoja tu, nunua hiyo.

Na sasa kazi ya shangazi yenyewe. Lita moja ya maji kuishusha kutoka nyuzi 30 hadi sifuri inataka kiasi fulani cha kazi. Kuigeuza lita hiyo hiyo, ambayo imeshafika sifuri, iwe barafu, inataka zaidi ya mara mbili na nusu ya kazi ile. Kwa hiyo mifuko 30 ya maji ya mfereji ikiingizwa mara moja saa kumi jioni, siku ambayo watoto watafungua mlango kila dakika wakisubiri magharibi, haitaganda hata friji likiwa jipya. Tulipanga hivi: maji yanapoa kwanza chini usiku kucha, asubuhi yanapanda friza nusu, mchana nusu, na kati ya mfuko na mfuko inaachwa nafasi ya hewa kupita. Maji ya kunywa ya jirani yanakaa kwenye boksi la barafu nje, ili friji lisifunguliwe ovyo.

Jambo moja nililolisisitiza kwa ukali kuliko mengine yote ni samaki. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto wanaota sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haifi kwa kukaangwa, haifi kwa kuchemshwa, haifi kwa kugandishwa tena. Mtu anawaka uso, kichwa kinamgonga, anatapika, na anaambiwa ana mzio wa samaki. Umeme ukikatika na mlango usifunguliwe, friji la chini linahimili kama saa nne, friza iliyojaa kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Lakini usipokuwepo nyumbani utajuaje umeme ulikatika kwa muda gani? Nikamwekea kikombe cha maji kwenye friza, kikaganda, na juu ya barafu nikaweka sarafu ya mia mbili, ile yenye sura ya Mzee Karume. Nikamwambia, sarafu ikiwa juu, sawa. Ikiwa imezama, kila kitu kiliyeyuka kisha kikaganda tena, hata kama leo kinaonekana kigumu.

Nilirudi Unguja. Siku ya kumi na moja ya Ramadhani shangazi alipiga simu. Alikuwa amelala siku mbili Konde kwenye msiba, amerudi, friji linanguruma, kila kitu ndani kimeganda kama jiwe.

"Na sarafu, shangazi?"

"Iko chini kabisa ya kikombe."

Nikamuuliza kuhusu wale vibua aliowanunua Ijumaa.

"Nshawazika nyuma ya nyumba," akasema. "Paka wasije wakawafukua tu."